Sekunde Mbili za Njia Panda

30 Septemba, Jumanne
Daktari amesema moyo wangu umechoka na nisiitegemee sana Krismasi. Nimemshukuru, kisha nikamuuliza kama naweza kuendelea kuendesha gari. Akacheka, akidhani natania.

Nilifundisha fizikia sekondari miaka thelathini na minane. Kila mwaka niliwaambia wanafunzi waandike walichokiona, si walichotamani kukiona. Mimi mwenyewe sijawahi kuandika shajara. Naanza leo. Atakayekuja kuisafisha nyumba hii asome kwanza, ndipo atupe.

1 Oktoba, Jumatano
Mavuno ya viazisukari, mizizi ya kutengenezea sukari, yameanza. Malori yanapita mbele ya nyumba tangu alfajiri na vyombo vinagongana kabatini. Nimeoka biskuti za shayiri kumi na mbili za kumpelekea Orrin kesho. Zote ni zake. Yule mwanamke sitamgawia hata moja.

2 Oktoba, Alhamisi
Tumepata ajali. Mimi mzima, Orrin mzima. Delphine Pelletier amevunjika mtulinga na kifundo cha mkono. Polisi wa Dakota Kaskazini ameniandikia notisi. Nitaandika kesho.

3 Oktoba, Ijumaa
Orrin ni mume wangu, mwaka wa hamsini na tisa huu. Kumbukumbu zake zilianza kwenda miaka minne iliyopita, na sasa yuko kwenye nyumba ya wazee ng'ambo ya mto, upande wa Dakota, kwa sababu upande wetu wa Minnesota hapakuwa na nafasi. Kila Alhamisi navuka daraja kwenda kumwona. Delphine ni mjane anayekaa chumba cha jirani yake. Alikuwa mpiga kinanda kanisani, na kichwa chake nacho hakipo. Tangu Machi wanakaa pamoja dirishani wameshikana mikono kama wachumba. Muuguzi Jolene aliniweka kando siku ile ya kwanza.

"Bibi Brekke, hili hutokea sana huku kwetu. Usilichukulie kwa ubaya."

Nikamwambia naelewa. Nililichukulia kwa ubaya na bado nalichukulia hivyo.

Orrin alilima viazisukari maisha yake yote. Kila mwaka, wiki ya kwanza ya mavuno, tulikwenda wawili kuangalia lundo linavyopanda pale malori yanapomwagia, mizizi mikubwa kama vichwa vya watoto, lundo refu kama treni. Jana nilitaka kumpeleka. Akakataa kuvaa koti.

"Siendi bila yeye."

Jolene akasema itawafaa wote wawili kupata hewa. Basi tukatoka watatu. Nikamfungulia Orrin mlango wa mbele, kiti chake cha siku zote.

"Orrin, kaa hapa na mimi."

"Mke wangu anakaa nyuma, na mimi nakaa nyuma," akasema. Kisha akamwinamia Delphine amfunge mkanda. "Usiogope, mpenzi. Huyu dada anaendesha vizuri."

Nimeendesha maili kumi na moja nikiwa dereva wao.

Njia panda yenyewe iko katikati ya mashamba, na kuna kibao cha SIMAMA kila upande. Sheria inasema aliyefika kwanza apite kwanza. Sisi wa bonde hili hatufanyi hivyo. Tunasimama na kupungiana mikono, pita wewe, hapana, pita wewe, mpaka mmoja aone haya apite. Nimewahi kuona magari matatu yamekwama pale dakika nzima kwa ajili ya adabu. Jana kulikuwa na lori kulia kwangu, limejaa. Dereva alinipungia nipite. Nikapita. Akanigonga mlango wa nyuma wa kulia, upande aliokaa Delphine.

Hivyo ndivyo nilivyomweleza polisi. Alikuwa kijana mpole.

"Mama, lori lilishaingia kabla yako. Angalia tope la matairi yake."

"Alinipungia."

"Kupungiwa si sheria, mama." Akanipa karatasi: kutompisha mwenye haki ya kupita. "Una siku kumi na nne. Ukubali kosa yaishe, au ukatae, uombe shauri kwa hakimu."

Nikikubali, Dakota wataiarifu Minnesota kwamba bibi wa miaka themanini na sita amesababisha ajali na mtu ameumia. Minnesota wataniita nifanye mtihani wa udereva upya. Kwa jicho hili la kushoto sitafaulu. Na bila leseni hakuna Alhamisi. Watabaki wawili dirishani, na mimi ng'ambo ya mto nikisubiri kufa.

4 Oktoba, Jumamosi
Joto lisilo la kawaida. Mavuno yamesimamishwa, viazi vikirundikwa na joto vinaoza. Kimya barabarani.

5 Oktoba, Jumapili
Baada ya kanisa dereva wa lori alibisha hodi, amebeba bakuli la viazi mviringo na nyama ya kusaga vilivyookwa pamoja. Ni Wendell Stordahl. Mwaka mzima huendesha basi la shule. Msimu wa mavuno huchukua zamu kwenye lori la jirani yake, kama nusu ya wanaume wa hapa. Nilimfundisha.

"Mwalimu."

"Wendell. Bado unafunga vifungo vya shati kombo."

"Miaka arobaini na minne tangu unifelishe, na bado unanikagua." Akavua kofia. "Nimekuja kuomba radhi. Kosa ni langu."

"Polisi hakukuandikia wewe."

"Ndiyo yanayoninyima usingizi. Nilikupungia, ukakaa tu. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Nikasema labda hakuniona, nikaondoka. Ndipo na wewe ukaondoka. Ukishampungia mtu hupaswi kuondoka. Omba shauri, Mwalimu. Nitakuja mwenyewe kumwambia hakimu nilikupungia."

"Watakugeuzia kosa wewe."

"Wageuze. Mama yangu atafufuka anichape nikimwachia bibi wa umri wako abebe hili."

Nikamwambia nitafikiri. Nimekula chakula chake. Hakikukolea chumvi.

7 Oktoba, Jumanne
Joto bado. Malori hayapiti.

9 Oktoba, Alhamisi
Mlango wa nyuma umekunjika lakini gari linatembea. Nimekwenda. Delphine amefungwa mkono kifuani, uso una rangi ya zambarau upande mmoja. Orrin alikuwa anamlisha supu kwa kijiko. Anaipoza kwanza kwa pumzi, anajaribu kwa ncha ya mdomo, ndipo anampa. Mimi nilipofanyiwa upasuaji wa nyongo aliniletea gazeti hospitalini akarudi shambani.

Nikaketi upande wa pili wa meza na biskuti zangu.

"Dada, hizi umeoka wewe?" Orrin akaniuliza. Alikula moja, akaimega ya pili, akampa Delphine kipande kikubwa.

Nilipofika nyumbani nilijaza fomu ya kukataa kosa. Nimeandika jina la Wendell mahali pa shahidi.

10 Oktoba, Ijumaa
Baridi imerudi. Malori yamerudi.

12 Oktoba, Jumapili
Mvua. Fomu bado iko mezani, haina stempu.

Nilimwambia polisi kwamba Wendell alinipungia. Ni kweli alipunga, yeye mwenyewe kasema. Lakini mimi sikumwona akipunga. Nilikuwa naangalia kioo cha kati. Orrin alikuwa amemvua Delphine glovu moja, anampashia vidole kwa mikono yake miwili, kimoja baada ya kingine. Zile sekunde tatu alizohesabu Wendell, mimi nilikuwa nahesabu vidole.

14 Oktoba, Jumanne
Nimeituma fomu.

16 Oktoba, Alhamisi
Jolene kaniambia Delphine analia akigeuzwa kitandani. Nimesema pole. Nimekaa nao nusu saa. Hawakuhitaji chochote kutoka kwangu.

19 Oktoba, Jumapili
Jalidi nyeupe mashambani. Viazi vilivyoganda havivunwi, malori yanasubiri jua. Ukurasa huu nimeuandika mara tatu nikauchana. Huu wa nne utabaki.

Lori lililojaa likitoka kusimama halikurupuki. Linajivuta kama ng'ombe mwenye mimba. Nilipoinua macho kutoka kwenye kioo gari langu lilikuwa limeanza kusogea, na lori lilikuwa limeshatoka kwenye mstari wake. Nililiona. Nimechora umbali kwenye karatasi, nimepiga hesabu kama nilivyowafundisha watoto wa watu: kutoka kuliona hadi kugongwa, sekunde nne. Mtu huhitaji moja na nusu kuona hatari na kukanyaga breki. Mzee kama mimi, nimpe mbili. Zinabaki mbili.

Katika hizo mbili nilijua lori linaelekea mlango upi. Nilijua aliyekaa nyuma ya mlango huo. Mguu wangu ulikuwa juu ya breki tayari, niliuhisi mpira wa pedali chini ya soli. Sikuukandamiza.

Sikutaka afe. Hilo naliandika bila kusita. Nilitaka mikono ile iachane.

Na bado nataka kushinda shauri. Nilidhani nikiandika haya sitataka tena. Nataka.

20 Oktoba, Jumatatu
Jua. Malori tangu asubuhi mpaka giza.

23 Oktoba, Alhamisi
Orrin alikuwa amelala kitini, kinywa wazi. Delphine alikuwa macho, na leo macho yake yalikuwa na mtu ndani. Akanivuta mkono wa sweta.

"Huyu bwana ni mwema sana," akanong'ona. "Lakini kuna jambo linanisumbua, dada yangu. Ananiita Ardis."

Hilo sikuwa nimeliandika humu. Nilijua tangu Machi. Ardis ni mimi.

"Mwanzoni nilimwambia mimi si Ardis," Delphine akaendelea. "Akalia. Mwanaume mzima, dada, akalia kama mtoto. Basi siku hizi naitika. Nimekosea?"

"Sijui."

"Unamfahamu huyo Ardis?"

"Namfahamu."

"Yukoje?"

"Ana wivu."

"Uwii!" Akajifunika mdomo kwa mkono mzima, anacheka. "Basi asije akanikuta hapa! Lakini mbona huyu hamsemi hivyo? Anasema Ardis anarudisha lori nyuma kuliko mwanaume yeyote wa wilaya. Anasema siku za mavuno alikuwa akimwona anakuja shambani na chakula, ametoka shuleni, chaki kwenye nywele, anasema alikuwa akizima trekta ili amwangalie akitembea. Kila siku ananisimulia. Chaki kwenye nywele, chaki kwenye nywele. Nimeshachoka na chaki yenyewe."

Orrin kila mara alikuwa akizima trekta nikija. Nilidhani anaokoa mafuta.

24 Oktoba, Ijumaa
Mtu angetegemea niandike kwamba moyo umelainika. Umekuwa mbaya zaidi. Zamani niliona wivu nikidhani kilicho changu ni jina tu, anayependwa ni mwingine. Sasa najua anayependwa ni mimi, na mwingine ndiye anayeambiwa. Amekaa kwenye kiti changu anasikiliza maneno niliyoyangoja miaka hamsini na tisa, na yanamchosha!

Lakini mfupa niliouvunja ni wa mtu aliyekubali kuitwa jina si lake ili mzee asilie. Hilo nalo nimeliona, kwa hiyo naliandika.

28 Oktoba, Jumanne
Wendell kapiga simu kuniuliza saa ya shauri. Sauti yake ilikuwa imechangamka kupita kiasi.

"Upo njiani na basi?" nikamuuliza.

"Aa, basi wamempa mwingine kwa muda. Mkubwa wangu kasikia nakwenda kusema nimesababisha ajali. Kasema mwenye ajali iliyoumiza mtu hawezi kushika basi la watoto. Tusubiri hakimu, ndivyo alivyosema. Usijali, Mwalimu. Nalala mpaka saa moja sasa, kama tajiri."

"Wendell, umeendesha basi hilo miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Na watoto?"

"Kadogo kamoja ka darasa la kwanza kamemuuliza dereva mpya kama nimekufa," akasema.

30 Oktoba, Alhamisi
Nimekwenda. Rangi ya zambarau usoni mwa Delphine inafifia. Sikumwambia niliyoyaandika humu. Njiani kurudi nilipita ile njia panda, nikasimama. Hapakuwa na mtu. Nilikaa pale mpaka gari la nyuma likapiga honi, mara moja, kwa upole.

2 Novemba, Jumapili
Mavuno yamekwisha. Barabara nzima ni tope.

5 Novemba, Jumatano
Shauri lilikuwa saa nne asubuhi, mji wa ng'ambo, chumba kidogo chenye zulia. Hakimu ni mwanamke wa umri wa wajukuu wa rafiki zangu. Wendell alikuja na suti ya msibani.

Mpaka hakimu anataja jina langu sikuwa nimeamua. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimeketi nikifikiria Alhamisi, moja baada ya nyingine, nikizihesabu zilizobaki mpaka Krismasi. Saba.

"Bibi Brekke, umeandika hapa kwamba unakataa kosa."

Wendell akasimama kabla yangu. "Mheshimiwa, mimi ndiye nilimpungia apite, halafu—"

"Wendell, kaa chini," nikasema.

Hakimu akanitazama juu ya miwani. "Bibi, humu ndani anayewaambia watu wakae ni mimi."

"Samahani, mheshimiwa. Nilimfundisha."

"Bwana Stordahl, kaa. Bibi, endelea."

"Nakubali kosa. Alinipungia, sikumwona, akaondoka. Ilikuwa haki yake. Nililiona lori. Nilikuwa na muda wa kusimama na sikusimama."

"Ulichanganyikiwa? Ulikosea pedali?"

Alikuwa ananisaidia. Alikuwa ameshika kalamu tayari kuandika lolote ambalo lingemfaa bibi mzee.

"Hapana," nikamwambia. "Nilikuwa na wivu."

Kalamu ikasimama. Wendell akageuka kunitazama kama nimeandika jibu baya ubaoni. Hakimu akasema mbele yake kuna kosa moja tu, la kutopisha, na hilo amelipokea.

"Hayo mengine, Bibi Brekke, una mtu wa kumwambia?"

"Ninaye. Amevunjika mtulinga."

Nje nilimpa Wendell ufunguo wa gari. Alinirudisha nyumbani. Darajani akauliza, "Sekunde ngapi, Mwalimu?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akapunguza mwendo, akampisha mtu ambaye hakuhitaji kupishwa.

6 Novemba, Alhamisi
Nimeirudisha leseni kwa posta, sikungoja waniite. Wendell kanipeleka kwa Orrin. Kesho anarudi kwenye basi. Alisubiri chini na kahawa.

Nikavuta kiti mbele ya Delphine. Orrin alikuwa kando yake, anakunja leso.

"Delphine, mkono wako niliuvunja mimi. Niliona lori linakuja upande wako nikaliacha."

Akautazama mkono uliofungwa. "Huu? Nilidhani nimekuwa nao hivi siku zote." Akafikiri. "Kwa nini uliliacha?"

"Kwa sababu ulikuwa umekaa na mume wangu."

"Mume wako yupi?"

Nikamwonyesha.

"Huyu?" Akashangaa kweli. "Mbona hukusema, dada yangu? Ningekupisha kiti."

Orrin alikuwa amesikia. Leso ikaanguka. Akasimama, akijishikilia kwenye meza, na mishipa ya shingo ikamtoka.

"Wewe ndiye umemuumiza Ardis wangu? Wewe? Toka! Toka hapa! Jolene! Mtoeni huyu mwanamke, amemuumiza mke wangu!"

Jolene akaja mbio, akanishika kiwiko akanitoa. Nyuma yangu alikuwa bado anapiga kelele. Miaka hamsini na tisa sikuwahi kusikia Orrin akimpigia mtu kelele kwa ajili yangu. Waliponinyima ukuu wa shule na kumpa mwanaume niliyemfundisha kazi, alisema labda wana sababu zao.

Nililia ndani ya gari la Wendell. Alidhani ni majuto. Yalikuwemo. Lakini zaidi ya nusu ulikuwa wivu, nilikuwa namwonea wivu mwanamke aliyepiganiwa vile.

9 Novemba, Jumapili
Theluji ya kwanza. Nimelala kutwa. Miguu imevimba mpaka viatu vimegoma.

10 Novemba, Jumatatu
Daktari hataki nikae peke yangu. Kuna chumba kimepatikana ng'ambo, korido ile ile. Jolene kaniuliza kwa simu kama nitaweza kuvumilia. Nimemwambia sijui, lakini aniwekee.

13 Novemba, Alhamisi
Wendell kanibebea masanduku mawili na taa yangu ya kusomea. Aliniaga mlangoni kwa kunipa mkono, kisha akabadili mawazo akanikumbatia, shati lake limefungwa kombo.

Jolene akanisukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka ukumbini. Walikuwa dirishani. Sikulala usiku kucha nikiogopa Orrin ataanza kupiga kelele. Alinitazama, akatabasamu, akasimama kama mwenye nyumba anayepokea mgeni.

"Karibu, karibu. Umehamia leo? Utazoea, chakula si kibaya. Mimi Orrin. Huyu ni mke wangu, Ardis."

Delphine akaniinulia mkono wake mzima. Hakunikumbuka. Nikamwambia mkono wake huo mwingine niliuvunja mimi. Akasema pole, kana kwamba mimi ndiye niliyeumia. Nitamwambia tena kesho.

"Na wewe unaitwa nani?" Orrin akauliza.

Nilikuwa nimeandaa jina langu la kati. Nilikuwa nimejiahidi njiani nitamwachia Delphine hili lingine, aondoke nalo. Kinywa kikakataa.

"Ardis," nikasema.

"Haiwezekani!" Akacheka, akampiga Delphine begani taratibu, upande usiouma. "Umesikia, mpenzi? Naye ni Ardis!" Kisha akaniinamia, akanitazama nywele kwa muda, kama anayetafuta kitu ndani yake. "Itabidi niwe makini sana nisije nikawachanganya."

Nikamwambia asihangaike. Akikosea, nitaitika.